Kabla ya ushuhuda, rudisha deni

Utasimama kanisani Mahoko useme umeokoka, na kwenye benchi la nyuma ameketi mama ambaye umekuwa ukimpunja viazi kwenye mizani. Atausikiaje ushuhuda wako?

Isaya alipomwona Bwana hekaluni alijua midomo yake ni michafu, na kaa la kumsafisha lilitoka madhabahuni, si mfukoni mwake. Msamaha haununuliwi kwa faranga; Kristo ameulipia msalabani. Lakini aliyesamehewa hawezi kuendelea kula mali ya mwenzake. Watu wa uamsho wa Gahini, hapa Rwanda, miaka ya 1930, walilijua hilo: waliotubu walirudisha walichoiba.

Basi chukua kalamu, andika majina. Mambo ya Walawi 6 inataka mali yote irudi na sehemu ya tano juu yake. Ulichopunja kikiwa faranga 10,000, peleka 12,000. Nenda nyumbani kwake, si sokoni mbele za watu. Taja kosa kwa jina lake: "Mama, nilikuibia kwenye mizani. Hela yako hii hapa. Mbabarira, nisamehe." Kisha nyamaza. Usiseme "kama nilikukosea". Hiyo "kama" inaharibu toba yote, maana unamwachia yeye kazi ya kuthibitisha wizi wako. Wala usimdai msamaha palepale. Ana haki ya kukasirika, na pengine atahitaji miezi.

Ardhi ni nzito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika, ukabeba nyumba na mashamba. Ikiwa ulipojenga upya ulisogeza mpaka, hata hatua mbili, usiende peke yako kunong'ona na jirani. Waite abunzi, wale wapatanishi wa eneo lenu, mpime mbele ya mashahidi, ili watoto wenu wasirithi ugomvi.

Na wale wateja wa njiani usiowajua? Zakayo aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne, lakini pia kuwapa maskini nusu ya mali yake. Wewe rekebisha mizani leo, halafu fungu la wasiojulikana lipeleke kwa mjane aliye karibu, bila kutangaza.

Mathayo 5 inaagiza sadaka iachwe kwanza mbele ya madhabahu, mtu akapatane na ndugu yake. Ndugu yangu, Jumapili hii iache sadaka yako. Nenda kwa yule mama.