Fungu Lako Mwenyewe: Chai ya Karak, Kofia na Dhahabu

Leo hatuongelei kujenga wala ada za shule. Tunaongelea ile hela unayoila mwenyewe: chai ya karak, juisi ya Ijumaa, chupa ya udi, hina ya sikukuu. Wengi wetu hatuiandiki popote, tunaona aibu. Nyumbani wanasubiri hela ya mbegu, halafu mtu aandike "manukato"? Basi haiandikwi, na isipoandikwa haina mpaka.

Tupige hesabu. Tuseme uko Oman na kikombe cha karak ni baisa 100. Viwili kwa siku, siku 26 za kazi, ni riali 5 na baisa 200. Riali moja ni karibu dola 2.60, kwa hiyo hapo pana dola 13 na nusu hivi. Sikuambii uache. Mtu aliyebeba matofali tangu alfajiri kwenye joto la mwezi wa sita, chai ndiyo inayomkalisha chini na wenzake dakika kumi. Lakini hizo riali 5 zinatoka kwenye mshahara wako, uziandike usiziandike. Usipozitenga, zitakula akiba.

Kwa hiyo siku mshahara ukiingia, kabla hujaenda kutuma, toa fungu lako. Tuseme unapata riali 90: toa 5, zikae kwenye kipochi cha peke yake. Zikiisha tarehe 20, zimeisha, subiri mwezi mwingine. Wapo wanaofundisha kinyume, utume kwanza ule kinachobaki. Mimi naona hiyo inawafaa wachache. Anayetuma mpaka baisa ya mwisho huishia kukopa kwa mwenzake wa chumbani, au anajibana miezi saba halafu siku moja anachukua simu ya bei kubwa ya kulipa kidogo kidogo. Simu hiyo haimo kwenye somo hili. Kitu kinachokukata mshahara wa mwezi ujao ni deni.

Dada anayekaa kwa mwajiri, chai anapata ndani. Fungu lake litakwenda kwingine. (Bando la kuongea na wanao usilihesabu kuwa starehe, hilo ni la lazima.) Kama mkono wako mwepesi, kuna kushona kofia. Wale waliolelewa Unguja au Lamu wanazijua kofia za mkono, na kumma ya Oman ni ndugu yake: vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi. Gharama ni kitambaa, uzi na sindano, na kofia moja inaweza kukushughulisha wiki nyingi. Kofia ya mkono ina bei kuliko ya mashine, lakini viza ya kazi ya ndani si leseni ya biashara. Shona, uende nayo nyumbani ukirudi likizo.

Sasa dhahabu, maana hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Mtu ananunua hereni anasema anaweka akiba. Bei ya hereni ina sehemu mbili kubwa: uzito wa dhahabu kwa bei ya siku hiyo, na ujira wa sonara. Juu yake kuna kodi. Siku ukiuza, unalipwa uzito tu; ujira na kodi havirudi. Kwa hiyo hereni ni starehe yenye akiba ndani yake. Uzito uandike upande wa akiba, ujira na kodi vitoke kwenye fungu lako, hata kama itabidi ulikusanye miezi mitatu. Dukani uliza bei ya gramu peke yake na ujira peke yake. Bei ya gramu ni ya soko, muuzaji hana pa kushusha sana. Kwenye ujira ndipo unapoweza kubishana naye, tena ubishane bila haya.

Na risiti usitupe. Ya dhahabu, ya manukato, hata ya kitenge kizuri. Ukikaa kwenye nyumba ya watu, siku kitu kikipotea, la kwanza wanalofungua ni sanduku lako. Piga picha risiti pamoja na kitu chenyewe, tarehe na jina la duka vionekane, mtumie ndugu yako unayemwamini siku hiyo hiyo. Risiti ya karatasi hufifia haraka kwenye joto la huku, na simu nayo inaweza kuchukuliwa.