Kuanzisha Seva ya Kuhamisha Faili: Mwongozo kwa Anayeanza

Seva ya kuhamisha faili ni kompyuta inayohifadhi nyaraka na kuwawezesha watu waliopewa idhini kuzichukua, au kuongeza nyingine, kupitia mtandao. Shule, ofisi ya uhasibu au studio ya picha huihitaji pale nyaraka zinapokuwa kubwa mno kutumwa kwa barua pepe. Kuisimika si kazi ngumu. Jambo la kuzingatia ni kutowaachia wasiohusika mlango wazi.

Chagua njia iliyo salama

Itifaki ya FTP ilibuniwa mwaka 1971, wakati watumiaji wa mtandao walikuwa wachache. Hupeleka nywila na faili bila kuzisimba, hivyo yeyote anayenasa mawasiliano hayo njiani huweza kuzisoma. Vivinjari vya Chrome na Firefox viliiondoa mwaka 2021. Tunakushauri utumie SFTP, ambayo husimba mawasiliano yote na kupita katika lango moja tu, namba 22.

Hatua za kufuata

1. Katika kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu, fungua dirisha la amri na uandike: sudo apt install openssh-server. Programu hii hailipiwi.

2. Fungua akaunti ya pekee kwa amri: sudo adduser mgeni. Usimpe mtu yeyote akaunti yako ya msimamizi.

3. Mzuie mgeni asitoke nje ya folda yake. Mwishoni mwa faili /etc/ssh/sshd_config, chini ya mstari Match User mgeni, weka ChrootDirectory ikifuatiwa na njia ya folda hiyo, kisha ForceCommand internal-sftp. Folda hiyo sharti imilikiwe na root, na mgeni aandike ndani ya folda ndogo iliyomo humo. Wengi hukwama hapa. Kisha anzisha upya huduma: sudo systemctl restart ssh.

4. Jaribu ndani ya ofisi kwanza. Amri hostname -I itakuonesha anwani ya seva. Iandike katika programu ya FileZilla kwenye kompyuta nyingine, pamoja na lango 22, jina la akaunti na nywila.

Kabla ya kufungua seva kwa intaneti

Lango likishafunguliwa kwenye ruta, programu za kiotomatiki zinazopekua mtandao huanza kujaribu nywila bila kuchoka. Kwa hiyo tumia jozi ya funguo za kidijitali, na uzime kabisa uingiaji kwa nywila. Endapo seva inafanya kazi ndani lakini haifikiki kutoka nje, huenda mtoa huduma wako amewapa wateja wengi anwani moja ya pamoja. Muulize kama anatoa anwani ya umma iliyo yako peke yako.

Wajibu wako

Nyaraka zenye majina, namba za simu au matokeo ya wanafunzi ni taarifa binafsi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka anayezikusanya azilinde. Hivyo futa akaunti ya mtumishi siku anayoacha kazi, sasisha programu mara kwa mara, na uhifadhi nakala za nyaraka mahali pengine. Ikiwa seva haihitajiki nje ya ofisi, usiifungue kwa intaneti.