Dishi Lisilo na Chakula

Mama alitoa pesa za safari yangu kutoka kwa maembe aliyouza sokoni Machakos. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa dishi lisilo na chakula mnalifuatia nini huko Longonot?" Sikuwa na jibu. Nikamwahidi nitamletea.

Tuliondoka Katelembo jogoo la kwanza. Tulipopita Nairobi na kuteremka Bonde la Ufa, usingizi wote uliniishia. Kwa mbali, karibu na Mlima Longonot, tukaliona: jeupe, limeelekea mbinguni. Basi likasimama kando ya barabara na mwalimu wa fizikia akaanza somo pale pale juani.

Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1970. Zamani ukimpigia mtu simu Ulaya, sauti yako ilirushwa kutoka hapo hadi kwenye setilaiti. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, kazi hiyo ikapungua. Lakini dishi lenye upana wa mita 32 ni sikio kubwa. Ghana walikuwa na la aina hiyo pale Kuntunse, wakaligeuza kuwa darubini ya redio mwaka 2017. Longonot nayo imewekwa katika mpango kama huo.

Mimi nilibisha. Nyota zina redio? Mwalimu akacheka, akatusimulia habari za Karl Jansky, Mmarekani. Miaka ya 1930 alipewa kazi ya kutafuta kelele zilizoharibu simu za kuvuka bahari. Nyingi zilikuwa za radi. Moja ilimsumbua: ilirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, yaani kila siku ilitangulia dakika nne. Jua halina mwendo huo. Nyota ndizo zilizo nao. Kumbe kelele ilitoka katika ule mkanda mweupe wa nyota tunaouona Katelembo stima ikipotea!

Mawimbi hayo ni hafifu mno. Simu moja ya mkononi karibu na dishi yaweza kuyafunika. (Nyinyi mnaoficha simu mikobani, mmesikia?)

Usiku huo nikachukua redio ya mama, nikasogeza mshale mpaka pasipo na stesheni. Chrrrr!

"Zima hiyo kelele!"

Nikamweleza kwamba sehemu ndogo ya kelele hiyo inatoka mbali kuliko jua. Mama akanyamaza, akasogeza kiti karibu.

"Na inasema nini?"

Nikamwambia nitamwuliza mwalimu Jumatatu.