Bastola Nyepesi, Lakini Si Nyepesi Kupita Kiasi

Mazungumzo haya ni ya Houston, Texas, kati ya mama mmoja anayefunga duka lake usiku na mjomba wake, aliyefundisha watu kulenga shabaha kwa miaka mingi.

MPWA: Shikamoo, mjomba. Nimekuja kwa lile jambo la kwenye simu. Nataka kununua rivolva ya kubeba kila siku.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Kabla ya bastola, tuanze na makaratasi. Ukaazi wa kudumu umeshapata?

MPWA: Tangu mwaka jana.

MJOMBA: Hapo sawa. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda kuwa na silaha, isipokuwa kwa ruhusa chache, kama ya mwenye leseni ya uwindaji. Watu wetu wengi hawalijui hili. Wanasikia kwamba tangu Septemba 2021 Texas haidai kibali cha kubeba bastola, wanadhani ruhusa ni ya kila mtu. Kijana aliyekuja kusoma anaweza kufungwa, kisha akarudishwa kwao, kwa bastola iliyolala tu kwenye gari.

MPWA: Nimeelewa. Sasa dukani nimeonyeshwa moja nyepesi ajabu, haifiki gramu 350, nayo inatumia risasi za .357 Magnum. Muuzaji anasema ndiyo inayowafaa wanawake kwa kuwa ni ndogo.

MJOMBA: Sikubaliani naye hata kidogo. Risasi ileile ukiipiga kwa silaha yenye nusu ya uzito, nguvu inayorudi mkononi inakuwa mara mbili. Hiyo .357 ilipotolewa mwaka 1935 ilipewa bastola ya chuma yenye uzito wa zaidi ya kilo moja. Kwa hiyo ndogo utapiga mbili, kiganja kitawaka moto, na ya tatu utafumba macho kabla hujafyatua. Na kuna jambo jingine hakukwambia. Bastola nyepesi inaporuka nyuma, huvuta maganda ya risasi zilizobaki, lakini vichwa vya risasi hubaki nyuma ya mwendo huo na kuanza kuchomoka. Kimoja kikitokeza mbele ya silinda, silinda inakwama, na wewe uko katikati ya hatari. Watengenezaji wanalijua. Tena baadhi ya bastola hizo zina onyo jingine kwenye mtutu wenyewe, la kuzuia silinda isilike mapema: zisitiwe risasi yenye kichwa cha chini ya greni 120, yaani gramu 8 hivi.

MPWA: Basi nichukue ya chuma?

MJOMBA: Ya chuma yenye fremu ya kati na mtutu wa inchi 4 ina karibu kilo moja. Kwa kulenga ni nzuri sana, ila hutaibeba. Wiki ya pili utaiacha kwenye droo ya duka, aione mfanyakazi au mtoto. Ndiyo maana nakushauri fremu ya kati ya alumini, yenye silinda na mtutu wa chuma, inayobeba risasi sita za .38 Special. Smith & Wesson walianza kuitengeneza mwaka 1953, baadaye wakaiita Model 12, wakaiacha 1986. Yenye mtutu wa inchi 2 ina gramu 500 na kitu. Utaipata iliyotumika.

MPWA: Mbona silinda nayo isiwe ya alumini?

MJOMBA: Walijaribu. Miaka ya 1950 Jeshi la Anga la Marekani liliwatafutia marubani bastola nyepesi kabisa, likaletewa zenye fremu na silinda za alumini. Silinda ndimo baruti inamolipuka, na alumini haikuhimili. Hata risasi zilipopunguzwa nguvu, bado jeshi liliziondoa, na nyingi zikaharibiwa. Model 12 za mwanzo kabisa nazo zilikuwa na silinda ya alumini. Ukikutana nayo, waachie wanaokusanya vitu vya kale.

MPWA: Nikiishika mkononi, niangalie nini?

MJOMBA: Fungua silinda uhakikishe ni tupu, kisha uhakikishe tena. Mulika tochi chini ya mtutu, pale unapoingia kwenye fremu. Alumini ya hapo ni nyembamba. Ukiona ufa, hata wa unywele, irudishe hapohapo. Risasi zenye alama ya +P, yaani zenye shinikizo kubwa kuliko kawaida, usiitie kabisa.

Halafu jaribu kifyatulio. Bastola ina nusu kilo, lakini kukivuta kunataka nguvu ya kilo tano hivi. Ndiyo maana mdomo wa mtutu unakwenda pembeni, hasa kwa zile ndogo. Ya fremu ya kati ina springi bapa, huvutika kwa ulaini zaidi, na mpini wake unajaa kiganjani, kidole cha mwisho hakibaki kikielea hewani. Hilo ndilo linalomfaa mwanamke, na mwanamume vilevile.

MPWA: Na kuibeba?

MJOMBA: Mkoba mgumu wa kiunoni, uzibe kifyatulio chote. Usiitupie kwenye pochi pamoja na funguo na kalamu. Ukifika nyumbani, ikiwa haipo mwilini mwako iwe ndani ya sefu, maana una watoto.

MPWA: Basi Jumamosi nikanunue?

MJOMBA: Jumamosi twende uwanja wa shabaha, tukodi ndogo na ya kati, upige risasi 50 kwa kila moja. Kisha tuweke sahani ya karatasi mita 7 mbele yako. Mpaka utie tano kati ya sita ndani ya sahani hiyo, bila haraka na bila kufumba macho, usinunue.