Upepo wa Bahari Usikudanganye

Ukizunguka kusini mwa Unguja kwa baiskeli, kutoka Kitogani hadi Paje, Jambiani, Makunduchi, Kizimkazi na kurudi Kitogani, huko pwani utahisi ubaridi. Usidanganyike! Upepo hukausha jasho upesi, nawe unapoteza maji na chumvi bila kujua. Kiu huja kwa kuchelewa.

Ondoka mara baada ya sala ya alfajiri. Kunywa mafunda machache kila robo saa, na ule kitu chenye chumvi, kwani maji matupu yakizidi mno nayo hudhuru. Mkojo ukiwa wa njano iliyokoza, ongeza maji. Adhuhuri ikukute Kizimkazi Dimbani, penye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria (1107). Pumzika hapo hadi jua lipungue.

Ukipata kizunguzungu au kichefuchefu, shuka, kaa kivulini. Mwenzako akianza kuropoka au kuzimia huku mwili unawaka moto, maisha yake yamo hatarini. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mumkimbize hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, atapaliwa.