KUTUMIA ZAIDI, JE, NDIKO KUNEEMEKA?

Wataalamu wa uchumi husema kwamba familia zinaponunua zaidi, taifa linakua. Nasi twaliona jambo hilo katika vijiji vyetu: bati mahali pa nyasi, taa ya jua mahali pa kibatari, simu mkononi mwa mkulima. Tumshukuru Mungu kwa hayo, kwani kukosa chakula na dawa si fadhila. Lakini yafaa tujiulize kama kila ongezeko la matumizi ni ongezeko la neema.

Katika utafiti wa mwaka 2017/18, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipima umaskini kwa matumizi ya kaya, wala si kwa mshahara. Mstari uliwekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mwezi kwa kila mtu mzima. Walioishi chini ya mstari huo Tanzania Bara walikuwa asilimia 26.4, hali mwaka 2007 walikuwa asilimia 34.4. Ni hatua njema. Hata hivyo, kipimo hicho kina mpaka wake: sukari iliyonunuliwa kwa jasho na sukari iliyonunuliwa kwa deni huhesabiwa sawa.

Basi kila nyumba yahitaji kipimo chake. Mwaka 1857 Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda katika chakula. Familia ikiinuka, sehemu hiyo hupungua, ingawa sahani haipungui. Lakini tuangalie: ikiwa sehemu ya chakula imepungua kwa sababu watoto wamenyimwa maziwa ili rejesho la televisheni lilipwe, hayo si maendeleo.

Tuseme baba amekopa shilingi 50,000 kwa ajili ya nguo za sikukuu, kwa riba ya shilingi 5,000 kila mwezi. Akilipa riba tu, baada ya mwaka mmoja atakuwa ametoa shilingi 60,000, na bado anadaiwa 50,000 zile zile. Si bure watu wameiita mikopo ya namna hii "kausha damu".

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara wa haki umwezeshe mfanyakazi kuitunza familia yake na kuweka akiba. Neno hilo lawahusu waajiri pia: anayempunja mtumishi wake asimlaumu kwa kukopa. Naye Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, alieleza kwamba kutaka kuishi vizuri si kosa. Kosa ni kudhani kuwa wingi wa vitu ndio ubora wa mtu.

Kwa hiyo twawasihi baba na mama waketi pamoja kila mwisho wa mwezi, waandike mambo matatu: yaliyoliwa, yaliyotumika kwa shule, matibabu na mbegu, na yaliyolipa madeni. Fungu la tatu likilimeza la pili, nyumba inarudi nyuma hata ikiwa imejaa vitu. Kristu alitufundisha kwamba ajengaye mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Na wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.