JINSI YA KUMWELEKEZA MGENI

Anayeelekeza njia hutaja vitu vitatu: upande, umbali na alama. Tuchukue mfano wa uwanja mdogo wa ndege wa Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, Marekani.

Ukitoka Indianapolis kwa gari, shika barabara kuu ya 65 kuelekea kaskazini-magharibi, kilomita 100 hivi, hadi Lafayette. Alama yetu ni mto Wabash. Ukiuvuka tu, uko West Lafayette. Pita chuo, uwanja uko kusini-magharibi mwake. Na kumbuka, kule magari hufuata mkono wa kulia!

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka wa 1934, wa kwanza Marekani kumilikiwa na chuo kikuu. Mwaka wa 1935 rubani Amelia Earhart aliajiriwa chuoni kuwashauri wasichana, kisha Purdue ikasaidia kumpatia ndege ya kuzunguka dunia. Julai 1937, akikitafuta kisiwa kidogo cha Howland katika Pasifiki, alipotea pamoja na mwelekezi wake, Fred Noonan. Baharini hakuna duka wala mnara wa kutajiwa mtu.

Basi ndugu zangu, mgeni akiuliza njia tusimjibu, "Ni hapo tu mbele." Tumpe vyote vitatu.